Steinunn Hakuanguka kwa Woga

Steinunn alikuwa mwanamke wa kuteremka genge kwa kamba, theluji ikimchapa usoni, kumtoa mtu aliyevunjika mguu. Kikosi cha uokoaji cha kijiji chao, kaskazini mwa Iceland, kilimtanguliza yeye. Lakini siku alipoanguka akazimia kwenye kiti cha daktari wa meno, daktari mzee akasema ni woga, na kijiji kizima kikayasahau magenge. Aliyelishikia bango ni shemeji yake, Kolbeinn. Vuli, kijiji kilipokutana zizini kila mtu atenge kondoo wake, alipaza sauti, "Jamani, mzibeni mdomo huyo kondoo! Steinunn asije akaona meno akazimia!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Steinunn hakucheka. Yalimuuma kuliko jino.

Maumivu ya jino lenyewe yalipomrudia, alimkuta daktari mpya, Eydís, ambaye alishasikia habari zake, akampa kidonge cha kumtuliza.

"Sinywi dawa ya woga, na siogopi," alisema Steinunn. "Nikianguka, niangalie ninavyoanguka. Usiangalie ulichoambiwa."

"Haya, dada. Sitakuondolea macho."

Sindano ya ganzi ikaingia, shwari. Jino likang'oka, shwari. Kisha akapewa dawa ya kusukutua. Hata hajaitema, viganja vikaanza kumwasha, shingo ikatoka mabaka, midomo ikavimba na pumzi ikambana.

Eydís hakungoja. Alimlaza, akamchoma adrenalini pajani, huku msaidizi wake akiita gari la wagonjwa.

"Safari ile pia ulisukutua?" alimuuliza jioni, hospitalini.

"Nilisukutua."

"Basi ni aleji ya dawa ile, usiiguse tena maishani. Mwenye woga hupauka, akatoka jasho. Wewe ulikuwa mwekundu, unawashwa, umevimba. Haukuwa woga."

"Rudia hapo pa mwisho," alisema Steinunn, sauti bado ikikwaruza. "Kwa nguvu, daktari. Nesi naye asikie."

Vuli ilipofika, kijiji kilikutana tena zizini. Kolbeinn alikuja na shavu limemuumuka kwa jino bovu, na ulimi ule ule.

"Mwoga wetu hajambo?"

"Hajambo, shemeji. Nimeliona hilo shavu. Nimeshakuwekea nafasi kwa Eydís kesho asubuhi, na nitakupeleka mwenyewe."

Kolbeinn akapauka. Jasho likamtoka, akaushika ukuta wa zizi.

Steinunn akawageukia watu. "Haya, sogeeni mtazame vizuri," alisema. "Woga ndio huu."