Mama Mbu na wiki ambayo mbu walisusa

Saa mbili asubuhi, Mama Mbu anakunja mkono wa koti lake jeupe, anauingiza mkono kwenye kizimba cha wavu, kisha anatulia. Taa zimezimwa makusudi ili mbu wadhani ni usiku. Punde wanatua, wanatoboa, wanavimba kwa damu.

"Wanakula," ananong'ona huku akitabasamu.

Mimi mgeni wake ningekuwa nimeshawapiga makofi ovyo. Yeye kazi yake ni kuumwa. Ni mwaka wa kumi na moja analisha mbu wa maabara hii, waliozaliwa humu humu, wasio na ugonjwa. Jina hilo la utani alipewa na majirani, likamganda.

Mbu wa kizimba hiki wamebadilishwa vinasaba ili vimelea vya malaria visikomae ndani yao. Mwakani wataingizwa kwenye banda kubwa la wavu huko nje, wachanganywe na mbu wa kawaida, ionekane kama watazaa watoto wenye hali hiyo hiyo. Watafiti wanalisubiri jaribio hilo kwa hamu, na nusura life kabla ya kuanza.

Mwezi uliopita mbu walisusa. Walikuwa wakiuzunguka mkono wake, kisha wanakwenda kujibanza pembeni. Bila damu hakuna mayai, na bila mayai kizazi kinakatika. Mlishaji mwenzake yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo hapakuwa na mkono mwingine. Mkuu wa utafiti akahofia kwamba kubadilishwa kumewadhoofisha, akasema hali ikiendelea hivyo jaribio litafutwa.

Mama Mbu alikosa usingizi. Mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na malaria akiwa na miaka minne.

Jawabu lilitoka sebuleni kwake. Binti yake, mwenye mimba changa, aliketi karibu naye jioni moja, akaziba pua na kulalamika kwamba mama ananuka dawa ya kuchua hadi anamtia kichefuchefu. Mama Mbu akashika kichwa. Kiwiko kilikuwa kikimsumbua, naye alikichua kila usiku. Sheria ya kazi inakataza manukato, lakini kwa akili yake dawa ilikuwa jambo jingine kabisa.

Asubuhi alikwenda kukiri, akijua kibarua kinaweza kuota nyasi. Mkuu alimsikiliza, akajitupa kitini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, umenirudishia roho," alimwambia. "Kumbe mbu wangu wazima, anayenuka ni wewe."

Mama Mbu aliacha dawa, akajisugua kwa sabuni isiyo na harufu, na siku ya tatu mbu wakatua. "Nililia humo gizani," anasema. "Mkono uko ndani, hata kujifuta siwezi. Nilifurahi jamani."

Sasa rafu imejaa trei za mayai. Kiwiko bado kinamuuma, anavumilia. Anajua hata jaribio likifaulu, safari bado ni ndefu. Lakini mjukuu anazaliwa mwakani, na bibi ana ombi lake.

"Mtoto akichemka usiku," anasema, "nataka niseme ni meno tu, nirudi kulala."