Njiwa wa Bati Mlangoni

Siku tuliyokwenda Munanila kumchukua mama mkwe wangu, tulipokelewa kwa kilio. Hata injini tulikuwa hatujazima. Mwanamke wa nyumba ya kwanza aliliona gari letu likikata kona kuingia kijijini, akalitupa jembe, akaweka mikono kichwani, akaanza. Wa nyumba ya pili akadakia. Tulipofika uani kwa mama, wanaume walikuwa wameshavua kofia, na mwenye baiskeli ameshuka, ameishikilia kwa adabu zote. Mimi mtu wa Korogwe, mwalimu niliyeletwa huku na barua ya uhamisho, nilikuwa nimekaa kiti cha mbele na kikapu cha maandazi mapajani, sielewi mbele wala nyuma. Nikamuuliza mume wangu nani kafa. Akasema hajui, akaanza kumtafuta mama yake kwa macho.

Hakuwa amekufa mtu. Kosa lilikuwa la gari. Mume wangu, bwana mifugo wa Kasulu, alikuwa amelinunua majuzi tu kwenye hospitali moja ya misheni. Lilikuwa la buluu, refu mgongoni, la aina ile ambayo ukikunja viti vya nyuma mtu mzima analala akanyoosha miguu. Kila mlango wa mbele ulikuwa na nembo yao, njiwa wa bati mkubwa kama sahani, mabawa wazi. Na kwa miaka mingi hospitali haikuwa na gari jingine la kurudishia maiti makwao. Basi milima yote ile, watu walipomwona njiwa anakata kona kuelekea kwao hawakuuliza. Walilia kwanza, jina la marehemu wangelijua baadaye.

Mume wangu ni mzaliwa wa pale pale. Nilipombana alisema alikuwa amesahau, maana miaka hiyo yote alikuwa masomoni Morogoro. Hata baba yake aliporudishwa na gari hilo hilo, yeye hakuwapo. Wauzaji wenyewe walikuwa wamemwomba aitoe nembo yao, na yeye akawa anasema kesho, kesho. Nilimtazama nikashindwa kuelewa mtu anasahauje jambo kama lile.

Mama akatoka ndani akipapasa ukuta. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na kwa miaka kadhaa alikuwa akitofautisha mwanga na giza, basi. Alikuwa amekisikia kilio na kuamini ni mwanawe aliyeletwa. Mume wangu alimkimbilia, akaishika mikono yake akaiweka usoni pake. Mama akampapasa pua, akampapasa masikio, alipohakikisha ni yeye akamzaba kibao. Halafu akaliendea gari. Kiganja chake kikatua mlangoni, kikamkuta njiwa, akakitoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto.

“Oya,” alisema, yaani hapana, kwa Kiha. “Humu mtu haingii akiwa anapumua.”

“Mama, ni gari tu,” mume wangu alisema. “Daktari wa macho yuko Kibondo. Akiondoka hatujui atarudi lini, na basi limekwama kwenye matope.”

“Nitakaa na macho yangu haya haya.”

“Huoni, mama.”

“Sioni nikiwa hai.”

Tulimbembeleza, majirani nao wakambembeleza kwa aibu ya kulia bure, wapi. Tukarudi Kasulu bila yeye. Daktari alikuwa amebakiza siku chache, na kama asingemkuta, mama angekaa gizani mpaka Mungu ajue. Njia nzima nilikuwa nimekasirika, ila sikujua nimkasirikie nani: mama, mume wangu, au njiwa.

Kesho yake mume wangu akaja uani na bisibisi na nyundo. Nikasimama mbele ya mlango. Nilimwambia ukoko wa sufuria siuchokonoi, nauloweka, na akikwangua rangi hiyo kwa chuma, kwa mvua za huku mlango utaliwa na kutu kabla ya Krismasi. Akaniuliza ualimu wa magari nimesomea wapi. Sikuwa nimesomea popote. Lakini kung’ang’ania najua, akaweka bisibisi chini.

Tuliosha mlango kwanza kwa sabuni na maji mengi, maana vumbi lile lina mchanga, na mchanga ukiusugua umeshachora. Halafu nikachovya taulo kwenye maji ya moto, nikalikamua, nikamfunika njiwa. Likipoa narudia. Gundi ilipoanza kulegea tukachukua uzi wa nailoni wa kuvulia, ule unaotoka Kigoma, yeye akashika ncha hii na mimi ile, tukaupitisha nyuma ya bawa na kuanza kukata kwenda na kurudi, polepole, kutoka juu kwenda chini. Nyuzi zilikatika, tukafunga nyingine. Tulinuniana, kwa kuwa kila mmoja aliona mwenzake anavuta kwa pupa. Mwishowe njiwa akaniangukia mkononi, mwepesi, nyuma yake pana gundi nyeusi iliyokauka.

Gundi nyingine ilikuwa imebaki mlangoni. Mume wangu akataka mafuta ya taa. Nilisema tujaribu kwanza kwenye ukingo wa ndani wa mlango, pasipoonekana, na kitambaa kikatoka na ubuluu. Tukayaacha. Nikapasha mawese kidogo, nikaipaka gundi, nikaiacha inywe, kisha nikaisugua kwa dole gumba. Ilitoka yenyewe kwa vijipande. Mlango wa pili tukaufanya vivyo hivyo. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja, na mume wangu, kwa furaha, akawachukua njiwa wote wawili akawatumbukiza chooni.

Nikaosha mawese kwa sabuni, nikafuta. Mlango ulipokauka, njiwa alikuwa pale pale.

Nilisugua tena. Nikaufuta kwa kanga niliyovaa. Njiwa hatoki. Ilinichukua muda kuelewa kwamba pale hapakuwa na kitu cha kutoka. Jua lilikuwa limeifubaza rangi ya gari zima miaka yote ile, isipokuwa pale alipokuwa amepakinga njiwa kwa mwili wake. Sasa buluu yenyewe, ile ya siku gari linatoka kiwandani, ilibaki kwa umbo lake, na mabawa yakaonekana wazi kuliko zamani. Nilisimama na kitambaa mkononi nikijiuliza tulichokitoa ni nini hasa. Jirani akapita njiani, akatazama, akavua kofia.

“Tupake matope,” nikasema. Mwalimu mzima.

Tukapaka matope mekundu milango yote miwili, tukapaka na kwingine ili isionekane tumechagua, tukaenda Munanila. Safari hii hakulia mtu, walitutazama tu kwa wasiwasi. Mama alitoka, akaliendea gari, akapeleka kiganja mlangoni. Matope yalikuwa yamekauka, yakamvunjikia mkononi. Akapapasa juu, akapapasa chini, akarudi pale pale katikati. Palikuwa laini, maana kazi tulikuwa tumeifanya vizuri. Nilijua anachokitafuta, na nilijua kwa macho kipo na kwa mkono hakipo, na sikuweza kuamua kama huko ni kumdanganya.

“Mmemtoa?” akauliza.

“Tumemtoa, mama,” nikasema, na ilikuwa kweli.

Akapanda, akakaa kiti cha mbele. Mimi nikakaa nyuma.

Mvua ilitukuta tukiwa tumeshaipita Kasulu, mvua ya huku isiyo na utani, na ikaosha kila kitu. Tulipofika njia panda ya kwenda Kagerankanda jua lilikuwa limerudi, gari linang’aa, na njiwa wetu amekoza. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani wakaweka mizigo chini. Kilio kikaanza upande wa kushoto, kikafuata upande wa kulia.

“Kuna nini?” mama akauliza.

“Kuna msiba nyumba ile,” mume wangu akasema, macho mbele.

Kijiji kilichofuata, vile vile. Mama akageuza uso kuelekea sauti. Mume wangu akasema na hapa pia wana msiba. Tulipolia tena kwa mara nyingine, nasema tulipolia kwa kuwa hata mimi machozi yalikuwa yananitoka na sijui ya nini, mama akasema, “Njia hii leo imepoteza watu wengi.”

Nilimwangalia kisogoni nikitafuta kama anacheka au ameshajua. Kisogo hakikuniambia kitu. Mpaka leo sijui.

Daktari tulimkuta. Alimpasua jicho la kulia, lililokuwa na nafuu. Mama akalala wodini na bandeji, na siku bandeji ilipotoka akapewa miwani mizito yenye vioo kama vitako vya chupa. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kumbe mkamwana wangu ni mfupi.” Nilicheka nikamkumbatia. Mume wangu akageuka dirishani, akajifanya anatafuta gari lilipo.

Lilikuwa nje, kwenye jua. Nilitaka kumzungusha mama atokee upande mwingine, lakini milango ilikuwa miwili na njiwa wawili, ningemzungusha mpaka wapi. Akasimama mbele ya mlango. Akaweka kiganja, akakitoa, akatazama, akakiweka tena. Nikasubiri atukane, au agome, na Munanila ni mbali kwa miguu.

“Siku ile nilikuwa sioni,” alisema. “Nilisikia gari linasimama, nikaja nikashika hapa. Wakamshusha. Walimlaza kichwa upande gani?”

Mume wangu hakuwapo siku hiyo. Akasema hajui, mama.

Mama akazunguka nyuma, akafungua mlango mwenyewe, akakunja viti kama mtu aliyelizoea gari hilo. Akaingia, akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha. Sikuelewa. Mtu aliyekataa kuingia akiwa hai, sasa anakaa mahali pa maiti, na uso wake umetulia. Nilimwambia mbele kuna nafasi. Hakunijibu mimi, alisema na mwanawe.

“Endesha polepole. Ukifika pale wanapolia, simama. Siku ya baba yako niliwasikia tu. Nataka niwaone.”

Mume wangu akawasha gari. Mimi sikujua nicheke au nilie, nikapanda nyuma, nikakaa naye sakafuni.