Vifurushi Vilivyobaki Cheyo

Niliandika programu ya kutunza kadi za kliniki ya watoto kwa ajili ya zahanati moja ya Ulyankulu. Niliiandika kwa Ruby, lugha ya kuandikia programu, nyumbani kwangu Cheyo, na kwenye kompyuta yangu ilikwenda bila shida. Nikainakili kwenye flashi, nikapanda basi.

Muuguzi mkuu, mama wa makamo, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kompyuta ni ileile. Mtandao usiutafute, bado haupo."

Ruby nilikuwa nimeshaiweka safari iliyotangulia. Lakini nilipoifungua programu, iligoma. Ilitegemea vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine, na kwangu vilikuwa vimehifadhiwa nje ya folda ya mradi. Nilichonakili kilikuwa folda tu. Kina mama waliopakata watoto wakanitazama kutoka kwenye benchi.

"Imekufa?" muuguzi akauliza.

"Haijafa, mama. Nusu yake nimeiacha nyumbani."

Hakucheka. Aliinamia boksi la kadi, akaendelea kupekua.

Njiani niliapa sirudi kule mikono mitupu. Nilipofika nyumbani nikaiagiza Bundler, programu inayosimamia vifurushi hivyo, iviweke vyote ndani ya folda ya mradi. Kisha nikafuta vile vya nje, nikazima mtandao, nikajaribu. Programu ikafunguka. Hata hivyo kifurushi kimoja kilijengwa kulingana na aina ya mashine, na ya zahanati ilikuwa ya zamani. Mjomba wangu wa Itetemia alikuwa na kompyuta kuukuu kama ile, akichapia barua za watu.

"Ichukue," alisema, "ila ukiiua, barua hizo utaziandika kwa mkono."

Nilikesha nayo siku mbili, nikajenga kila kitu upya humo.

Nikarudi zahanati, na safari hii programu ilifunguka mara ya kwanza. Tukaingiza kadi siku tatu mfululizo. Siku ya kliniki akaja mama aliyepoteza kadi ya mwanawe. Muuguzi akaandika jina kwa kidole kimoja, akasoma, akainua uso.

"Huyu chanjo ya surua ya pili hajapata. Mlete hapa."

Mtoto alipochomwa akalia kwa nguvu. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Muuguzi akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Wewe unakaa mbali," alisema. "Nionyeshe inavyorekebishwa ikigoma. Anza mwanzo, wala usiniharakishe."