Usiandike "Wazi" Ukaondoka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilirudi nyumbani Kilwa Masoko nimevimba kwa hasira, nikajitupa barazani kwa Bi Somoe, mama mwenye nyumba niliyopanga. Hata salamu niliisahau. Akanitazama tu, akangoja.

"Shikamoo," nikasema mwishowe.

"Marahaba. Haya, sema, nani kafa?"

Hakufa mtu. Nilikuwa afisa mipango miji kijana, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga mtaa mpya pembezoni mwa mji. Viwanja vilishapimwa, bikoni za mipaka zimesimama, na katikati niliacha bonde dogo ili maji ya masika yapate njia na watoto wapate pa kucheza. Bila bonde lile, nyumba zote za upande wa chini zingeogelea. Kwenye ramani niliandika kama tulivyofundishwa chuoni: eneo la wazi. Asubuhi ile nikakuta mtu keshamwaga mawe na matofali palepale, anachimba msingi! Aliitwa Hamisi, mfanyabiashara wa korosho kutoka Rutamba, mtu mpole, hana ujeuri hata chembe. Nilipomfokea akanishangaa.

"Dada, si mmeandika wenyewe kuwa pako wazi? Nimeuliza ofisi ya mtaa, nimeonyeshwa ramani. Mimi nina watoto, nikasema alhamdulillahi."

Basi nikamwambia Bi Somoe kuwa kesho naleta mgambo, tutavunja. Bibi yule alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Wewe mtoto una vituko! Uwaambie watu wasio na pa kukaa kwamba hapa pako wazi, halafu ushangae wakiingia? Kwangu hapa uliingiaje?"

Nikakumbuka siku ile. Nilifika mlangoni pake na begi langu nikauliza, "Bibi, kuna chumba kiko wazi?" Loo, niliona haya, wallahi.

"Utavunja cha huyu, mwezi ujao atakuja mwingine," akaendelea, sasa hacheki. "Utaweka mgambo alale pale maisha? Pape kazi mahali pale, watu wapajue kwa kazi yake. Hapo hatapagusa mtu."

Mgambo sikuwaita. Ulikuwa mwezi wa mfungo sita, watu wanasoma maulidi kila mtaa. Bi Somoe akapita nyumba kwa nyumba, akina mama wakafagia bonde, mikeka ikatandikwa, pilau ikapikwa palepale, na maulidi ya mtaa yakasomwa pale kwa mara ya kwanza. Hamisi naye alikuja na wanawe, kanzu imepigwa pasi. Alikaa mkekani, nyuma yake rundo la matofali yake mwenyewe, na nilimwona anageuka kuyatazama, anageuka tena. Baada ya kula akanifuata. "Dada, hapa sijengi tena. Lakini mimi niende wapi?"

Swali hilo, mwanangu, ndilo kazi yetu. Kumwambia mtu ondoka ni rahisi, hata mbuzi anafukuzwa. Nilihangaika ofisini mpaka wakubwa wangu wakanichoka, Hamisi akapata kiwanja upande wa juu, na vijana wa mtaa wakambebea matofali yake. Kisha nikafuta lile neno langu kwenye ramani, nikaandika: Uwanja wa Maulidi. Masika yalipokuja maji yalipita pale kwa kelele, yakaenda zake, hayakuingia kwa mtu. Nililia kwa furaha, sikufichi.

Mpaka leo uwanja upo. Vijana wamelifupisha jina, wanasema "tukutane Mauli," na wasichana wanacheza netiboli pale. Mji umekua, umepazunguka pande zote, na hakuna aliyethubutu kupiga jembe.

Sasa ninyi maafisa wa leo mnarusha hivyo vidude vyenu vya kupiga picha angani, mnachora mji mzima hamjamaliza kikombe cha chai. Vizuri, nami nawaonea wivu kidogo. Na mna haja navyo, maana bahari inakula fukwe zetu, mvua siku hizi hazina adabu, na wageni wanakuja kila wiki na mizigo yao. Lakini kabla hujaandika neno lolote juu ya ardhi ya watu, lisome kwa sauti mbele ya mtu anayetafuta pa kulala, usikie yeye anaelewa nini. Unachotaka kibaki, kipe jina na kazi pamoja na wanaoishi hapo. Na ukimwambia mtu asijenge hapa, uwe na jibu la wapi ajenge, umwonyeshe kwa mguu wako mwenyewe.

Nenda, mwanangu, Mola akutangulie. Akupe macho ya kuwaona na wale ambao hawajazaliwa, na siku wakizaliwa, wakute umewaachia pa kuchezea na nyumba zao ni kavu. Amin.