Baiskeli ya Kufika Lugoba

Saa kumi na moja alfajiri, Mwanamvua Bwanausi anamgeuza mumewe ubavu wa kushoto, anamwekea mto katikati ya magoti, kisha anatoka uani kufunga mzigo. Ni kilo sitini za ng'onda, samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani. Amewapanga kwenye matenga mawili, moja kila upande wa baiskeli.

"Kaza na ya chini," inasema sauti ya mumewe kutoka dirishani.

"Nimekaza."

"Mbona sijasikia kamba ikilia?"

Mwanamvua anafungua fundo, anaweka mguu juu ya tenga na kuvuta tena. Kamba inalia.

Leo ni safari yake ya kwanza. Ana miaka 46, na hajawahi kupeleka baiskeli mbali zaidi ya Bagamoyo mjini. Njia iliyo mbele yake ni ya Mikdad, mumewe, aliyeipita miaka kumi na tisa: kutoka hapa Mbegani hadi Msata, kisha vitongoji vya Miono, kisha Lugoba, na kurudi. Ni zaidi ya kilomita mia mbili, siku tano, usiku nne.

Mikdad alikuwa akiuza ng'onda njiani na kwenye vitongoji ambako basi halifiki. Kwa safari moja aliweza kubakiwa na shilingi elfu sabini. Wachuuzi wenzake walimjia kila walipotaka kununua baiskeli. Alikuwa akiigonga kwa sarafu, akasikiliza mlio, akazungusha gurudumu, akasema nunua au acha.

Miaka miwili iliyopita mgongo ulianza kumuuma. Akaiuza baiskeli yake ya chuma na kununua mnadani baiskeli ya rangi nyekundu yenye shokapu, nyepesi, ya bei ya chini.

"Niliigonga," anasema Mikdad, akiwa amelala na uso ukielekea ukutani. "Ilijibu vibaya. Nilisikia. Nikajiambia labda masikio yamechoka, maana mgongo ulikuwa unaitaka ile."

Mwezi wa nne wa kuitumia, kwenye mteremko wa kushukia mto Ruvu, uma wa mbele ulikatika. Tangu siku hiyo hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini.

Hospitalini, muuguzi aliwaeleza kwamba mgonjwa wa namna hii ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo nyama inaoza pale inapolaliwa. Mwanamvua amefanya hivyo kwa miezi kumi na saba. Mara moja tu alipitiwa na usingizi hadi asubuhi, akiwa na homa. Kidonda cha kwanza, cha nyonga, kilianza wiki hiyo.

Amekuwa akiuza vitumbua mlangoni. Siku njema anapata elfu sita. Shashi za kufungia kidonda, dawa ya kuoshea na glavu vinakula elfu nne. Binti yao wa pekee, Jasmin, ameolewa Pangani na hutuma anachoweza, nacho si kingi.

Mwezi uliopita waliuza kabati la vyombo na kitanda cha wageni. Mwanamvua akaenda mjini Bagamoyo, kwenye duka la vyombo na baiskeli la Yogesh, ambalo Mikdad alilijua tangu enzi za baba yake Yogesh. Aliweka simu juu ya kaunta, sauti ikiwa wazi, ili mumewe achague kwa masikio.

"Shikamoo mzee Mikdad," alisema Yogesh akiinamia simu.

"Marahaba, mwanangu. Usimuuzie mke wangu pambo."

Zilikuwa mbili. Moja nyeusi, ya chuma, yenye bomba la juu, shilingi laki tatu na elfu kumi. Nyingine ya kike, isiyo na bomba la juu, rangi ya samawati, laki mbili na elfu arobaini. Mwanamvua alianza na ile ya samawati. Akaigonga kwa sarafu pale mabomba yanapokutana.

"Inasema kama kopo," alisema Mikdad. "Spoki za nyuma ngapi?"

Akahesabu. "Thelathini na mbili."

"Miguu ya keria imeshikwa wapi?"

"Juu, kwa skrubu mbili."

"Basi mzigo wote utaning'inia kwenye skrubu. Nenda kwenye nyingine."

Nje ya duka walikaa vijana wanaosubiri kuzibiwa tairi. Mwanamvua alipoishika ile nyeusi na kujaribu kuinyanyua, mmoja akapaza sauti: "Mama, hiyo itakuendesha wewe!"

"Nimekaa na mume Mkwere miaka ishirini na minane," alimjibu bila kugeuka. "Chuma kitanishinda?"

Watu walicheka. Kwenye simu Mikdad naye alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

Ile nyeusi ilikuwa na spoki arobaini nyuma. Miguu ya keria ilishuka hadi kwenye ekseli. Alipoigonga, mlio ulikwenda hadi mwisho wa bomba na kurudi. Alipozungusha gurudumu, lilizunguka muda mrefu bila kukwaruza.

"Hiyo," alisema Mikdad. "Lipa."

Mwanamvua hakulipa. Alirudi kwenye ile ya samawati, akasema inamfaa kwa stara, kwamba atapandaje bomba la juu na dera.

"Vaa suruali ndani. Isitoshe, ukiwa na mzigo utasukuma zaidi kuliko kupanda. Mama Jasmin, hiyo haitafika Msata."

"Ndiyo maana naitaka."

Yogesh ananiambia alitaka kuondoka kaunta awaache peke yao, lakini akabaki.

"Hii itanizungusha hapahapa mjini," Mwanamvua aliendelea, akiwa ameiinamia simu. "Jioni narudi. Ile ikinifikisha Lugoba, nani atakugeuza usiku?"

"Dada yangu Najma atakuja."

"Najma ana watoto wanne. Atakuja asubuhi na jioni. Nimekuuliza usiku."



"Mjini ng'onda wanauza watu sabini," alisema Mikdad. "Tutabaki wote wawili humu ndani tunatazamana, na shashi hakuna. Nunua ya kufika Lugoba."

Alinunua. Yogesh alipunguza elfu kumi na kuongeza tyubu mbili.

Sasa kunaanza kupambazuka. Najma, dada yake Mikdad, amekwishafika na anakoroga uji. Mwanamvua anaingia ndani, anakaa kidogo, anatoka. Waliyosemezana ni yao.

"Lugoba uanzie sokoni," Mikdad anaita dirishani. "Wanunuzi wazuri wako Lugoba."

"Nimesikia, baba Jasmin."

Anaisukuma baiskeli hadi barabarani. Baada ya nyumba ya sita au ya saba anasimama, anaegemeza mzigo kiunoni mwake na kuniambia kwa sauti ya chini, mimi mwandishi ninayemsindikiza.

"Lugoba siendi. Nitaishia Miono, nilale usiku mbili badala ya nne. Usiandike mpaka nirudi nimwambie mwenyewe."

Alirudi siku ya tatu jioni, viganja vimechubuka, baiskeli haina hata spoki moja iliyolegea. Tenga moja lilikuwa limebaki nusu. Alikuwa amepata faida ya shilingi elfu arobaini. Alimwambia mumewe kabla hajanawa miguu.

"Lugoba wangeumaliza mzigo," alisema Mikdad.

"Najua."

Hakumlaumu zaidi ya hapo. Mwanamvua akafunua shuka. Kidonda cha nyonga kilikuwa kimepanuka kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Cha pili kilikuwa kimeanza kisiginoni. Kwa usiku mbili.

Kuna godoro la hewa ambalo muuguzi aliwaonyesha kwenye simu yake. Linajazwa kwa pampu, linabadilisha lenyewe sehemu zinazolaliwa, na mgonjwa anaweza kukaa saa nyingi zaidi bila kugeuzwa. Bei yake ni laki mbili na elfu arobaini. Mwanamvua ameshapiga hesabu: akiweka kila anachopata njiani, na vitumbua vikilipia shashi, anahitaji safari sita za Miono. Likipatikana godoro, ataanza kwenda Lugoba.

Kesho yake mchana anaanika upya ng'onda waliobaki ili waende na mzigo wa Jumatatu. Kila baada ya muda anasimama, ananawa mikono yenye chumvi na kuingia ndani, kisha anarudi.

"Baiskeli itafika, hiyo sina wasiwasi nayo," anasema. "Ninachomwomba Mungu ni mtu wangu anisubiri safari sita. Moja nimekwishakwenda. Zimebaki tano."