Samaki wa Jubilei

Siku tuliyosherehekea miaka ishirini na mitano ya ndoa, mimi na mume wangu tulikula mezani tukitazamana kwa mara ya kwanza. Najua inachekesha. Lakini waulize wanawake wa umri wangu pale Sumbawanga, wengi watakuambia hivyo hivyo. Baba anakula sebuleni na ndugu zake na wageni, mama anakula jikoni na watoto, na siku zinakwenda.

Kijana wetu wa kwanza alikuwa amepata kazi kwenye mojawapo ya benki za watu binafsi zilizofunguliwa Dar es Salaam enzi zile za ruksa, serikali ilipoachia biashara. Baada ya misa ya shukrani parokiani kwetu, alitutumia tiketi za basi. Alisema kuna hoteli ya Kiitaliano ambayo mjini kote hakuna asiyeijua, wakubwa wote wanakula pale, na wazazi wake lazima nao wale pale. Tulisafiri siku mbili. Mume wangu alivaa koti la suti njia nzima kwa sababu alikataa likunjwe kwenye begi. Mimi nilibeba pochi, na ndani ya pochi kulikuwa na barua.

Barua ilitoka ofisi ya elimu. Mimi ni mwalimu, na nilikuwa nimeomba uhamisho kwenda shule ya Milepa, bondeni, nilikozaliwa. Walikuwa wamekubali. Nilikuwa nimeamua kumwambia mume wangu siku hiyo hiyo, tukishamaliza kula, kwamba ninakwenda na sitarudi. Sikuwa na hasira. Ningekuwa na hasira labda ningebaki, tukagombana, yakaisha. Nilikuwa nimekufa ganzi tu, na mtu aliyekufa ganzi hagombani na mtu.

Sababu yangu itaonekana ya kipuuzi, kwa hiyo niieleze vizuri. Nilipoolewa, mama mkwe alinikalisha akaniambia, "Wanaume wa nyumba hii, pasipo samaki hujawapa chakula." Nikalishika hilo. Nilinunua sokoni migebuka, samaki wakavu wa ziwani kutoka Kabwe, nikairoweka, nikaiunga kwa karanga. Vipande vyote vilikwenda sebuleni. Watoto walipata vichwa, na mimi nilichovya ugali wangu wa ulezi kwenye mchuzi uliobaki chunguni. Mume wangu si mtu wa maneno. Hakuwahi kusema asante, lakini bakuli lilirudi tupu, limefutwa hadi linang'aa, na mimi nilihesabu kwamba hiyo ndiyo asante yenyewe. Iliniridhisha kwa miaka ishirini na mmoja.

Kisha bakuli likaanza kurudi limejaa.

Wakati huo mume wangu alikuwa ameacha kazi kwenye ghala la serikali, ananunua mahindi vijijini na kuyapakia kwenye malori, kama walivyofanya wengi biashara ya nafaka ilipofunguliwa. Mdogo wake, ambaye tulikaa naye tangu nilipoolewa na ndiye aliyekula naye kila jioni, alikuwa amehamia Kabwe kutafuta maisha ziwani. Mimi nikaunganisha mambo yangu. Ana pesa sasa, anasafiri, ana pengine anapokula. Sikuuliza. Kila jioni nilipokea bakuli, nikawapelekea majirani samaki, nikaosha vyombo, nikalala. Miaka minne ikapita hivyo.

Hoteli yenyewe ilikuwa na vitambaa vyeupe, mishumaa ingawa umeme ulikuwepo, na uma tatu kwa kila mtu. Kijana wetu alitukabidhi kwa mhudumu, mtu mzima mwenye mvi. "Leo ni yenu wawili," akatuambia. "Chakula nimeshaagiza. Nitakuja kuwachukua." Akaondoka.

Tukabaki tunatazamana. Niliona kwamba mume wangu anatafuna mkate uliokuwa mezani kwa upande mmoja tu. Jino la kushoto lilikuwa limeng'oka, sijui lini. Akaniona ninavyomtazama.

"Mwalimu, unanisahihisha?" Ndivyo alivyozoea kunitania.

Zikaja tambi, kidogo sana, katikati ya sahani kubwa kama ungo. Alizimaliza kwa mara mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama karamu ndiyo imekwisha. Zamani ningecheka.

Kisha mhudumu akaniletea kuku, na mbele ya mume wangu akaweka samaki mzima, na macho yake. "Mzee, huyu ndiye tunayesifika naye hapa. Mwanao amesisitiza sana. Anasema kwa baba yake hakuna kama samaki."

"Asante," mume wangu akasema.

Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama anayemtafuta mtu. Akamvunja samaki kwa uma. Akamgeuza. Akamfunika kwa majani ya saladi. Nimefundisha darasa la pili miaka mingi, namjua mtu anayejifanya anaandika.

"Baba, mbona huli?"

"Nakula."

"Huli."

Akaweka uma chini. "Mama, mimi samaki sili. Sijawahi. Nilikwamwa na mwiba nikiwa mtoto, nusura nife. Mama yangu alisema ni deko. Lakini hata harufu yake inanikaba hapa." Akashika koo.

"Sasa bakuli lilikuwa linamalizwa na nani?"

"Na mdogo wangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wiki ile ya kwanza nilitaka kukuambia. Lakini bakuli lilipofika jikoni, nikasikia unaimba. Nikaona basi, yaishe. Nikamwambia mdogo wangu, hakikisha halibaki kitu. Alipohamia Kabwe nilijaribu mwenyewe, nikashindwa. Na wewe ukaacha kuimba. Nilijua ni bakuli. Sikujua nianzie wapi."

Nilingoja moyo wangu ufanye jambo, ushtuke, ulie, hata ucheke. Haukufanya lolote. Niliona kabisa kwamba nimeambiwa kitu kikubwa, kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi anavyoona jino lake linatoka. Nikafungua pochi nikampa barua.

Aliisoma yote mpaka muhuri.

"Unakwenda kukaa na nani?"

"Peke yangu."

"Kwa sababu ya bakuli?"

"Kwa sababu ya bakuli," nikasema, maana ndiyo ilikuwa kweli.

Akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Akatazama mlangoni. Kijana wetu alikuwa ameshafika, anaongea na mhudumu. Mume wangu akaisukuma sahani yake hadi kwangu.

"Mama, nisaidie. Mtoto asione."

Nikamla yule samaki. Nilimla harakaharaka, kwa mkono, miiba nikaificha kwenye kitambaa. Alikuwa mtamu sana. Miaka yote ile nilipika samaki na sikuwahi kujitilia kipande hata kimoja. Kisha nikairudisha sahani mahali pake.

Kijana akaja, akaona sahani ya baba yake tupu, uso wake ukachangamka. "Nilijua tu! Baba kwa samaki!"

Nilimtazama alivyofurahi, nikajua kwamba huo ndio uso niliokuwa nao jikoni miaka ishirini na mmoja. Mume wangu alimshukuru. Akasema hajawahi kuona samaki kama yule.

Tuliporudi Sumbawanga kulikuwa na baridi kali. Jioni nilisimama kwenye mlango wa sebule nikamuuliza anataka kula nini. Hakuwa amewahi kuulizwa. Alifikiri muda mrefu.

"Maharage," akasema. "Na uje na sahani yako."

Barua ilikuwa bado kwenye koti lake, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Nilipika maharage. Sikuimba. Nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa mbele yake, na alipoanza kula nilimtazama mpaka alipomaliza.