Vichwa vya Skrubu kwenye Mabenchi ya Watoto

Wewe unayemkalisha mwanao kwenye benchi, umewahi kujiuliza ni nani aliyekaza skrubu zake, na kwa haraka gani?

Polycarpe hakujua kufanya kazi kwa haraka ya namna hiyo. Fundi huyu wa Butembo, Kongo, aliyefika Brussels akiwa mkimbizi, mwanawe mgongoni, alikuwa na miaka hamsini na mitatu mwaka 2011, alipochukuliwa kwa mwezi wa majaribio kutengeneza mabenchi ya mwaloni katika kituo cha kulelea watoto, Etterbeek. Akimaliza vizuri, angepewa kazi ya kudumu. Ilibaki siku moja.

Kwao alizoea kutoboa ubao, kubadilisha ncha ya keekee, kuchimba kikalio cha kichwa cha skrubu, kisha kuipaka skrubu sabuni na kuikaza. Hapa alikuwa na ncha moja inayofanya yote kwa mkupuo: mbele nyembamba inatoboa, koni nyuma yake inachimba, na pete ndogo inaizuia isizame kupita kiasi. Kichwa kinalala ndani, ubao haupasuki. Sabuni, hata hivyo, hakuiacha.

Mchana akaja msimamizi wake, Bertin, kijana wa Bukavu.

"Tonton, unaosha vis na sabuni? Zinaenda messe, ku kanisa?"

"Hii mbao ya chêne iko nguvu. Bila kutoboa, itapasuka."

"Vis za huku zinajitobolea zenyewe. Toa hiyo mèche ya kutobolea. Benchi tano zimebakia, na directrice anakuja kesho asubui."

"Batoto ndio batakaa hapa, Bertin."

"Batoto banavala pantalon nzito, tonton."

Bertin akachukua keekee, akaikandamiza skrubu moja kwa moja. Ubao ulilia. Ufa ukakimbia hadi ukingoni, na kichwa cha skrubu kikabaki nje, kikali kama jino. Akauziba ufa kwa kidole cha mastiki, gundi ya kuzibia.

"Hapo, donc, imeisha."

"Kazi ya vile siwekee mukono."

"Basi na contrat ya kazi usiwekee mukono. Rudi ku nyumba."

Polycarpe akaondoka kwa miguu hadi Porte de Namur, kwenye mtaa wa Wakongo, kwa hasira iliyomfanya asahau sanduku lake la vyombo. Kuna watu wanaodhani kwamba mtu akivuka mipaka mitatu na mtoto mgongoni, heshima ya kazi yake ameitupa njiani. Na anayemtukana zaidi ni yule anayemwita tonton, mjomba.

Kesho yake asubuhi alirudi kuchukua sanduku. Mkurugenzi wa kituo, mama ambaye hakuwahi kuonana naye, alikuwa akikagua na Bertin. Akaketi kwenye benchi. Alipoinuka, sketi ilinaswa na kichwa cha skrubu, ikachanika.

Bertin akaeleza kwa Kifaransa laini kwamba hiyo ilikuwa kazi ya mzee mmoja aliyefukuzwa jana, asiyejua mbao za huku.

Mama akamwona Polycarpe mlangoni, sanduku mkononi, amesikia yote.

"Bwana, wewe ndiye umekuja kurekebisha?"

Bertin akamkazia macho, akimsihi.

"Hapana, Madame," Polycarpe akajibu. "Mimi ndiye huyo mzee aliyekataa kukaza skrubu hii bila kutoboa."